Povu Lililoishinda Baruti

Jumanne, 9 Juni 1953. Kabambare.
Mhandisi wa mgodi, mzungu tunayemwita Kimulimuli, anatafuta msaidizi. Kazi hiyo lazima iwe yangu! Mzee Faradji mwenye duka amesema hamwozi binti yake Faida kwa kijana mwenye mipango mitupu. Mpinzani wangu ni Gaston wa misheni. Anaamka mapema na hajui kusema uongo. Nitamshinda kwa adabu! Mimi Amuri ni mtoto wa mjini Kasongo. Mama alinifundisha kumiminia mgeni chai kutoka juu, mpaka itoe povu. Chai isiyo na povu ni kumwambia mtu arudi kwao.

Alhamisi, 11 Juni.
Kimulimuli anataka kujua joto la baruti palepale inapolipuka. Nilimshauri kipimajoto kirefu. Gaston akakohoa! Kimulimuli akasema hakuna kipimo kinachosalimika mle ndani, ila mwanga hutoka na habari zote. Chuma kikipata moto huwa chekundu, kisha cha manjano, kisha cheupe. Baruti nayo, rangi ya mwanga wake ndiyo inayotaja joto. Mwanga unapita kwenye kioo, unagawanyika rangi rangi, unabaki kwenye picha. Yote kabla hujapepesa jicho! Jioni nimetazama makaa mpaka wali ukaungua. Kumbe moto unasema tangu zamani, sisi ndio hatusikii.

Jumamosi, 13 Juni.
Siku yangu! Baruti inakaa ndani ya sanduku la kioo linalojazwa maji, kwa sababu hewa nayo hung'aa ikipigwa na mshindo, na ingetudanganya. Kimulimuli alikuwa handakini akitayarisha mitambo yake ya picha. Gaston alitaka kuingiza maji polepole kwa mpira, kama anayelisha mgonjwa. Nikampokonya ndoo. Mgeni mkubwa kama baruti anapokelewa hivyo? Nikapanda juu ya sanduku la misumari, nikamimina kutoka juu. Povu la ajabu! Gaston akalalamika. Nikamwambia wivu wake auone kimya kimya.

Tukajificha, Kimulimuli akafyatua. Ukuta mzima ukawa mweupe. Subhanallah! Kitu kimeshakufa, na mwanga wake uko mbele yetu unatoa ushahidi. Kimulimuli akapima picha, akakaa chini. Joto limepita la jua! Nimeshaanza kumwita Mzee Faradji baba mkwe.

Jumapili, 14 Juni.
Kimulimuli ametazama picha tena. Mwanga ule haukuwa wa baruti. Ni vitone vidogo vidogo: viputo vyangu! Hewa iliyobanwa na mshindo iling'aa kuliko baruti yenyewe. Maji ya ndoo yameliaibisha jua! Akauliza, "Ni nani alitia mayi humu?" Nikanyoosha mkono kwa fahari.
Kazi amepewa Gaston.

Jumanne, 16 Juni.
Nimekwenda kwa Mzee Faradji kumweleza kwamba kazi si kila kitu. Akamwita binti yake: "Faida, leta chai. Mutu huyu iko na safari." Faida akamimina polepole, birika likigusa kikombe. Hapakuwa na hata kiputo kimoja! Kisha akanitazama usoni.
Moyo umenilipuka. Amesikia habari za kazi yangu, ameishika elimu ya mwanga, na ameniondolea povu lote ili mapenzi yake yapimike bila udanganyifu! Sijawahi kupendwa hivi. Kesho mjomba anakwenda kuposa. Koti nitaazima kwa Gaston.