Bamba la Dunia Chini ya Kitanda cha Fundi Cherehani

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kwamba ufa huohuo unaweza kumpatia mtu nyumba nzima, maana wahenga hawakumjua Msomi.

Msomi hakusoma popote. Jina hilo alijipa mwenyewe siku aliyookota miwani. Alikuwa na gari kuukuu lililokuwa nyumba yake, ofisi yake na, mambo yakiharibika, mlango wake wa nyuma. Miaka miwili alikuwa analala humo magoti yakiwa kifuani, na alichoka, jamani, alichoka kweli. Basi alipoona ufa umepanda ukutani kwenye nyumba ya kona, vyumba vitatu, mlango unatazama barabara kuu, ndani yuko mjane fundi cherehani peke yake, akavaa koti na kubisha hodi.

"Shikamoo, mama. Natoka Idara ya Mabamba."

"Marahaba, mwanangu. Paa langu halivuji, sihitaji mabati."

"Mabamba ya dunia, mama." Msomi akaketi bila kukaribishwa, akatoa yai la kuchemsha mfukoni na kuligonga kwenye meza ya cherehani mpaka ganda likapasuka vipande. "Hii ndiyo dunia. Ganda lake limekatikakatika, na kila pande ni bamba. Chini yake kuna miamba ya moto inayojisogeza polepole, na katikati kabisa kiini cha chuma. Mabamba yanatembea kwa mwendo wa kucha zinazoota. Mengine yanagongana, milima inainuka. Mengine yanaachana." Akashusha sauti kama mleta taarifa ya msiba. "Mama, yanaachana chini ya kitanda chako."

Tumtendee haki: habari za yai zote zilikuwa kweli, alizisikia kwenye redio ya kinyozi. Uongo ulikuwa kitanda tu.

"Mungu wangu! Kwa hiyo nusu ya nyumba inakwenda wapi?"

"Mashariki."

"Na upande wa choo?"

"Magharibi, mama."

"Hapo sasa ndipo penye shida," alisema mama, akachukua dunia, akaitia chumvi na kuila.

Msomi hakuwa tapeli wa kulipualipua kazi. Alibandika kipande cha kioo juu ya ufa, kama wafanyavyo wahandisi: nyumba ikisogea, kioo kinavunjika. Mpango wake ulikuwa kurudi kesho, aombe maji ya kunywa, na mama akienda jikoni akigonge kwa kidole. Njiani akawatangazia fundi viatu, kinyozi na kila mwenye masikio kwamba kona ile inaachana na dunia, ili asitokee mnunuzi mwingine wa kumharibia.

Asubuhi akakuta kioo kimeshavunjika.

Wewe ungekimbia. Msomi alicheka moyoni. Bila shaka bibi huyu amekigonga na ufagio, aliwaza. Ukizoea kudanganya, hata ukweli ukikubishia hodi unaudhania ni tapeli mwenzako.

"Umeona, mama?"

"Nimeona, mwanangu. Hata mlango wa chumbani haufungi siku hizi. Na nikinyamaza nasikia chini panalia kru, kru."

"Haswa! Kru, kru!" Msomi alifurahi jinsi mama alivyokuwa akimsaidia kazi.

"Sasa nani atanunua nyumba ya namna hii?"

"Idara haina fungu. Lakini mimi kama mwanao, roho inaniuma. Chukua gari langu, mama, ukaishi mbali na mabamba."

Mama akalia, akajifuta kwa pindo la gauni la mteja. "Tairi la akiba lipo?"

"Lipo."

"Na jeki?"

Wakaandikiana mbele ya mashahidi wawili. Msomi mwenyewe, akihofia ndugu wa mama wasije kudai nyumba baadaye, akaandika kwa mwandiko wa madaha kwamba ardhi inasogea na mnunuzi anajua. Mkwe wa mama akaja, akapakia cherehani, akashika usukani. Mama akashusha kioo cha gari.

"Mwanangu, marehemu mume wangu alijenga juu ya shimo la zamani la takataka. Miaka sita nawaambia wanunuzi ukweli, wote wanakimbia. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia mimi."

Gari likaondoka. Msomi akaingia ndani mbio, akakanyaga sakafu ya chumbani, na sakafu ikabonyea, akazama mpaka magotini. Akajichomoa na kuvuka barabara kiatu kimoja mguuni.

"Kaka, nyumba inauzwa! Bei ya kutupa!"

Fundi viatu hakuinua macho. "Ile inayoachana na dunia?"

"Ule ulikuwa uongo wangu! Hakuna bamba lolote pale, naapa!"

"Ahaa," alisema fundi viatu, akipigilia msumari kwenye soli.

Nyuma yao ukuta wa mbele ukainama taratibu, ukalala barabarani, vumbi likapanda. Kinyozi akatoka na wembe mkononi, mteja aliyenyolewa nusu kichwa akimfuata, na mtaa mzima ukampigia makofi mtaalamu aliyetabiri. Miaka yote mjini hakuna aliyewahi kumshangilia Msomi kwa kusema kweli, na siku walipomshangilia hakuwa na pa kulala.