Suruali Ilifika Nyumbani Kabla Yangu

Leo nimeaibika, ndugu zangu. Nimeaibika mchana kweupe, nikiwa nimefunga tai. Nawaandikia ninyi mlio Nairobi leo hii hii kwa sababu treni ya kesho itawaletea habari, na watu wa treni huongeza chumvi. (Safari hii haikuhitaji chumvi.)

Mnajua nataka kumwoa Awino wa Pap Onditi. Watu wake hawapokei ng'ombe kabla ya kutuma wazee wao kimya kimya, waje waone mchumba anaishi vipi. Analewa? Kwao kuna wazimu? Na zaidi ya yote, ni jajuok? Mutiso, wewe si Mjaluo, acha nikueleze. Jajuok ni mtu mzima mwenye kazi na nyumba. Mchana anakusalimia vizuri. Giza likiingia anavua nguo, anakimbia ovyo kwenye maboma ya watu na kurusha mawe juu ya mapaa. Hakuna baba anayempa mtu wa namna hiyo binti yake.

Mimi ni karani wa duka la vitambaa. Sirushi mawe. Tatizo langu ni ndege.

Kila Jumapili kabla jua halijachomoza natoka hapa mtaani Kaloleni na Sajenti, mbwa niliyeachiwa na kaka yangu, tunafuata kijia mpaka ziwani. Kiangazi ni vumbi, na kwarara wanadonoa kwenye nyasi zilizoungua. Masika ni tope, na minana wanasuka viota wakigombana. Mwisho wa mwaka wanafika ndege wa Ulaya, wamechoka. Majirani wanasema nimekosa la kufanya. Mimi napenda tu, sina sababu nyingine.

Kuna mmoja mweusi, kifua chekundu, anayeishi ndani ya mafunjo. Misimu yote nimemsikia akipiga mluzi. Kumwona vizuri, sijawahi.

Leo asubuhi alikuwa karibu. Karibu sana! Lakini mvua imejaza ziwa na kijia kimezama. Nilikuwa nimevaa nguo za kanisani, nipitie ibadani nikitoka huko. Basi nikavua viatu na suruali, nikavitundika kwenye kichaka, nikaingia majini na shati, tai, kaptula ya ndani na darubini shingoni. (Nilikuwa peke yangu. Ndivyo nilivyofikiri.)

Ndege akapiga mluzi. Nikamjibu kwa mluzi. Akasogea. Nikapiga tena. Akatokeza juu ya funjo moja, mzima mzima, kifua kinawaka. Nawaambia kweli, nilifurahi.

Sasa, Sajenti. Kaka alimfundisha kazi moja tu: ukipiga mluzi, achukue kilicho karibu naye akipeleke nyumbani. Zamani kilikuwa kikapu cha kutoka soko la Kibuye. Leo kilichokuwa karibu ni suruali yangu.

Nilipogeuka, niliona mkia wake tu, unapotelea kwenye kona.

Nikakimbia. Matope mpaka kiunoni, viatu mkononi. Nikapita njia ya nyuma kukwepa watu wa kanisa. Huko nikakutana na mama mmoja anayepeleka samaki Kibuye, karai kichwani.

"Yawa! Jajuok!" akapiga kelele. "Kumekucha na bado anakimbia!"

"Mama, nafuata mbwa!"

"Mbwa gani? Simama hapo!"

Sikusimama. Akanifuata. Kisha akanipita (na karai kichwani, samaki hata mmoja hakuanguka), akatangulia Kaloleni akitangaza.

Nilipofika mlangoni kwangu, watu walikuwa wamejaa. Katikati, kwenye viti vya jirani yangu Mama Rosa, walikaa Mzee Okoth na Mama Dina. Ni mjomba na shangazi wa Awino. Wametumwa. Walikuwa wamechagua leo. Na miguuni pa Mama Dina alilala Sajenti, kichwa juu ya suruali, ameridhika na kazi yake.

Tayari nilimwona Awino akiolewa na mwingine huko Kendu.

Mama Rosa, Mungu ambariki, akainuka kunitetea. "Msishtuke, wazee. Hii si kitu mpya. Yeye anatoka hivi kila Jumapili, kukiwa bado giza. Mvua, jua, yeye anaenda tu. Anarudi na matope, amefurahi."

"Giza?" akauliza Mzee Okoth.

"Giza kabisa!"

Mzee akanitazama kuanzia tai kushuka chini. Chini hakukaa sana. "Na hiyo kwa shingo ni nini?"

"Darubini, Mzee."

"Ya kuangalia nini?"

"Ndege."

"Ndege gani huyo anaangaliwa bila suruali?"

Watu wakaangua kicheko. Nikaanza kueleza habari za mafunjo na kifua chekundu, hakuna aliyesikiliza. Mzee akasukuma kikombe cha chai pembeni, akashika fimbo yake. "Dina, twende. Tumeona."

Mama Dina hakuinuka. Akamgeukia mama wa samaki. "Wewe ulikuwa nyuma yake?"

"Nyuma kabisa."

"Na ulimpita?"

"Nilimpita, mama. Anakimbia vibaya sana."

Mama Dina akanywa chai yake taratibu. "Okoth, kaa chini. Wewe ulishaona wapi jajuok anapitwa na mtu wa karai? Jajuok anakimbia kama swara, hata vijana na mbwa hawamshiki. Huyu si jajuok. Huyu ni mjinga tu."

Mzee akafikiri. Akakaa. "Mjinga si mbaya," akasema. "Kwetu wako."

Akavuta kikombe. Mama Dina akanyanyua suruali kwa vidole viwili, akanirushia bila kunitazama, kama inavyompasa mama mkwe mbele ya mkwewe.

Basi naoa, ndugu zangu. Nimesifiwa mbele ya mtaa mzima kwa kukosa mbio. Mkija harusini, tafadhali msicheke. Na wewe Mutiso nakujua, utakaa nyuma kabisa upate kucheka.