Kura ya Verlin Kolar na Suruali Isiyochafuka

Sogeeni, enyi mlioketi na enyi mliosimama, wafua nguo na wavaa tai! Zimeni redio, funikeni sufuria, maana leo nasimulia vita ambayo haikumwaga damu ila ilimwaga kahawa, na ambayo katika jimbo zima la Nebraska ilishuhudiwa na watu kumi na mmoja na paka mmoja. Nasimulia jinsi Verlin Kolar, mwana wa Emil, mwandishi wa michezo wa gazeti la Harlan Springs, bingwa wa kuchapa kwa vidole viwili, alivyojaza kisanduku kimoja katika fomu moja. Nijalieni ulimi, enyi walezi wa mambo madogo, nisije nikapunguza hata chembe.

Kwa miaka ishirini na miwili Verlin alikuwa miongoni mwa wale mia tisa waliokabidhiwa kura ya Kofia ya Shaba, tuzo ambayo kila Desemba humtawaza mchezaji bora kuliko wote katika mpira wa vyuo, ule mpira wa umbo la yai unaobebwa kifuani na kugombewa kwa mabega. Kila mpiga kura huandika majina matatu. La kwanza hupata pointi tatu, la pili mbili, la tatu moja. Na kwa miaka yote hiyo, nasema kwa aibu kwa niaba yake, shujaa wetu aliandika majina yale yale aliyoyasikia runingani wiki hiyo, kisha akajilaza kwa usingizi wa mchana. Hakuna aliyemuuliza, naye hakujiuliza.

Mwaka ule, hata hivyo, moto uliwaka karibu na nyumbani. Brody Kuhlmann, mrushaji mpira wa Chuo cha Bonde la Loup, alikuwa akitajwa kila mahali, pamoja na wapinzani wawili, mmoja wa kusini na mmoja wa pwani. Na Brody ni mjukuu wa Opal Kuhlmann. Na Opal Kuhlmann, malkia wa unga na siagi, mwenye miaka themanini na mmoja na kauli isiyo na rufaa, ndiye jirani wa Verlin, ua kwa ua. Tangu mke wa Verlin alipofariki, yapata miaka sita, Opal hakukosa Jumapili hata moja kumvushia pai ya cheri, na kila msimu wa mpira alichonga kwa kisu, juu ya ukoko wake, namba saba ya mjukuu. Verlin hakuwa na mtu mwingine wa kumbishia hodi. Bila pai ile, Jumapili ingempita kama siku nyingine yoyote.

Basi Alhamisi ya mwisho kabla ya kura, baraza kuu lilikutana katika mkahawa wa Darla, juu ya mabakuli ya chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharagwe, na mikate ya mdalasini, maana huko chili bila mkate wa mdalasini ni tusi. Gus Petska, kinyozi, mfyeka visogo wa mji mzima, alisimama na kijiko chake kikidondosha mchuzi.

"Ndugu zangu, tuache longolongo! Tuzo ni hesabu. Karusha yadi ngapi, kakimbia ngapi, basi. Mwenye namba kubwa apewe kofia yake aende zake."

"Na aliyezipata kwa vibonde je?" Darla akadakia kutoka nyuma ya kaunta. "Yule wa kule kusini wiki jana kacheza na watoto wa chekechea. Hata wewe Gus ungewararua, na goti lako hilo bovu."

"Goti langu liache mama, halijagombea."

"Mie nasema apewe aliyeshinda mechi nyingi."

"Basi mpeni kocha!"

Meza zikapigwa, kahawa ikamwagika, na hapo ndipo Opal aliponyanyuka taratibu, akakikunja kitambaa chake cha mezani mara mbili.

"Kelele zenu zimetosha. Verlin, mtoto wa Emil, hebu niangalie. Hao unaowaandikaga kila mwaka, umewaona wakicheza mara ngapi? Kwa macho yako, si kwa midomo ya watu wa runinga."

"Mama Opal, nimeona... vipande."

"Vipande! Nikikupa kijipande cha ukoko utaenda kusema umekula pai?"

Mkahawa ukaangua kicheko. Verlin akawa mwekundu hadi masikioni.

"Apa hapa hapa," akasema Opal, "mbele ya mikate hii. Hutaandika jina la mtu usiyemwangalia mwanzo hadi mwisho. Ukifanya hivyo tu, mjukuu wangu atakaa juu mwenyewe, wala sitakuomba."

Verlin Kolar akainua kijiko chake juu. "Naapa," akasema, "nitaandika aliye bora kati ya niliowaona kwa macho yangu, awe nani awaye."

"Awe nani awaye," Opal akaitikia, akaketi, akiwa na uhakika wa mambo.

Ijumaa alfajiri shujaa akajifunga kibwebwe, yaani alijifunga blanketi, akakalia kiti chake kinacholala, rimoti mkono wa kuume na paka wake Pudge mapajani, akaingia vitani. Aliangalia mechi zote zilizorekodiwa za yule wa kusini, akiruka matangazo na mapumziko, akaona mkono mzuri na malalamiko mengi kwa waamuzi. Aliangalia za yule wa pwani, akaona miguu mepesi. Jumamosi mchana akafika kwenye mechi za Brody, na Brody alikuwa mzuri kweli, simpunjii. Alirusha kwa utulivu wa mtu anayechagua nyanya sokoni.

Ndipo likatokea lile lililotokea. Ilikuwa mechi ya Oktoba, robo ya nne, mvua inapiga, uwanja umekuwa tope tupu. Sasa, Verlin ni mjane anayejifulia mwenyewe. Kwa miaka sita amepambana peke yake na madoa ya haradali, na jicho lake limekuwa kali kwa mambo hayo. Akaiona suruali ya Brody. Ilikuwa nyeupe. Mvua ya saa tatu nzima, majitu ishirini na mawili yanagaragazana, na suruali ya Brody ilikuwa nyeupe pepepe!

Verlin akasimama wima, paka akaruka. Akarudisha mkanda nyuma aone kwa nini mrushaji huyu hakuangushwa chini hata mara moja. Mbele ya Brody, kila mara, aliinama mtu mmoja mnene mwenye namba 64, aliyeupitisha mpira nyuma katikati ya miguu yake, kisha akainuka na kusimama njiani. Kamera ilikuwa ikiufuata mpira, kwa hiyo mtu huyu alionekana kwa kufumba na kufumbua tu, pembeni, akiwa na watu wawili wamemning'inia shingoni, ndipo picha ikamwacha. Jina lake Dirk Osterbuhr, mlinzi wa kati. Matope yalimjaa hadi ndani ya kofia. Verlin akaangalia mechi zote kumi na mbili upya, akimfuata yeye peke yake, na hakuona hata adui mmoja aliyepita kwake. Alijisikia furaha, na ndani ya furaha hiyo aibu kubwa: ni wangapi kama huyu aliowaruka kwa miaka ishirini na miwili?

Jumapili pai ikaja, na saba yake.

"Umeangalia?" Opal akauliza mlangoni.

"Nimeangalia, Mama Opal."

"Si nilikwambia!"

Wapiga kura huapishwa kufunga midomo hadi mshindi atangazwe, basi akaipokea pai kwa mikono miwili. Akala kipande kimoja tu.

Jumatatu, saa kumi na robo, shujaa akaikabili kompyuta. Mwisho wa kura ni saa kumi na moja kamili. Lango la kwanza lilidai neno la siri. Alilisahau, akajaribu mara tatu, akafukuzwa mara tatu kama mwizi wa kuku, akaomba jipya. Lango la pili lilikuwa orodha ya majina, yote ya warushaji na wakimbiaji, Dirk hakuwamo. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku kitupu kilichoandikwa "Mwingine," na ilionekana wazi kwamba hakijaguswa na mtu tangu kiumbwe.

Hapo Verlin akainua macho. Ng'ambo ya ua, katika dirisha la jikoni, Opal alikuwa akisukuma unga. Alimpungia mkono. Kidole cha kulia kikaganda hewani, na kwa dakika nzima vita ya Nebraska ikawa ndani ya kidole kile.

"Mwenyewe umeniapisha, mama," akanong'ona, machozi yakimlengalenga. Akaandika Osterbuhr wa kwanza, Brody wa pili, yule wa pwani wa tatu. Akabonyeza saa kumi na dakika hamsini na nane.

Jumamosi jioni Kofia ilikwenda kusini. Brody akawa wa tatu. Jumapili asubuhi hesabu zote zikatoka, na chini kabisa, chini ya maelfu ya pointi, palisomeka: Osterbuhr, pointi tatu.

"Pointi tatu!" Gus akanguruma mkahawani. "Hiyo ni kura moja ya juu. Na mwenye kura huku kwetu ni nani? Ni bibi yangu?"

Darla alimletea Verlin chili yake, bila mkate wa mdalasini.

Verlin akaenda nyumbani. Saa sita ikapita, saa ya pai. Saa saba. Saa nane. Alikuwa ameanza kuosha sahani ambayo haikuwa chafu, hodi ikabishwa. Opal alikuwa mlangoni, theluji mabegani, kifurushi cha kitambaa mikononi, uso umekunjamana.

"Brody kanipigia. Kauliza, 'Bibi, ni Verlin?' Nikamwambia ndiye, msaliti mkubwa. Akacheka mpaka nikadhani kapaliwa. Kasema angekuwa na kura angeandika jina hilo hilo, ila wachezaji hawapewi."

Verlin akajifuta povu mikononi.

"Nimefua jezi za mtoto yule miaka minne ya sekondari," Opal akaendelea, sauti imeshuka. "Damu, majani, tope. Mwaka huu nakaa jukwaani namwona anatoka msafi kama katoka kanisani, mie nikadhani ni umahiri wake. Nilikuapisha uangalie, Verlin, na mwenyewe sikuangalia."

Akafunua kitambaa. Juu ya ukoko palikuwa na 64, sita yake imepinda, maana mkono ulizoea saba.

"Nusu yako. Nusu nyingine utampelekea mama yake Dirk kesho, maili tisini, na uendeshe polepole."

Basi na ichongwe panapochongwa mambo makuu, na wanaotoa kofia za shaba wasome: mwaka ule pointi tatu zilifika zilikostahili, na Verlin Kolar, mwana wa Emil, akaketi jikoni kwake siku ya Jumapili, akaila sita, akaifunika nne.