Babu Yangu, Sultani wa Ufuo Mzima

Jumatatu, 3 Juni 1912

Kutoka Usumbura hadi Ujiji hakuna anayejua habari za zamani kunishinda. Kaisari mwenyewe akitaka kujua nyanya yake alikuwa nani, amtume mtu hapa Rumonge, aulize kwa Maneno. Nilisoma Ujiji mwaka mzima. Karibu mzima. Niliondoka mapema kwa sababu zisizohusu shajara hii.

Leo Mwalimu Abdulhamid kapakiwa mtumbwini na homa yake, kapelekwa Usumbura kwa daktari. Shule katuachia sisi wasaidizi wake wawili. Ramazani, mwenye viatu, kapewa hesabu. Mimi nimepewa darasa la wakubwa, wale ambao sauti zimeanza kukwaruza, niwafundishe habari za zamani na jinsi watu wanavyokaa pamoja. Jumatatu ijayo Bwana wa boma, Mdachi, atapita kutukagua. Mmoja wetu atakuwa mwalimu wa serikali, na tarbushi nyekundu yenye tai wa shaba. Mwingine aende zake. Nikikosa, narudi mchangani kwa Bibi Mwanahamisi, mama wa marehemu baba yangu, nikamgeuzie ndagala, dagaa wa ziwa letu, juani. Nimekwisha pima kichwa kwa kamba. Tarbushi itanikaa.

Jumanne, 4 Juni

Nimefundisha Makaisari. Wako watatu. Wa kwanza Wilhelmu, wa mwisho Wilhelmu. Wa katikati kanitoroka, nikamwita Kaisari wa Kati. Wameandika bila ubishi. Umande haujakauka, Makaisari wamekwisha.

Ndipo Asmani, mtoto wa mkamua mawese, akauliza hapa kwetu alikuwepo nani kabla ya Kaisari. Nikamwambia akae. Akasema amekaa. Kweli alikuwa amekaa. Akauliza tena: na haya ya Makaisari, mwalimu umeyajuaje? Nikasema mwalimu hajui kwa njia, mwalimu anajua tu. Nyuma ya ukuta wa matete nikasikia Ramazani anacheka katikati ya saba mara nane.

Alhamisi, 6 Juni

Jana, ili nipumzike, niliwatuma wakaulize kwao nani alifika ufuoni kwanza. Hila safi, maana kazi wanafanya wao.

Leo wamerudi na mizigo ya maneno. Mmoja babu yake alivuka kutoka Uvira na mbuzi mmoja na wake wawili, mbuzi akafa maji. Mwingine kwao walishuka kutoka milimani kutafuta chumvi, wakaona ziwa, wakadhani ni mbingu imeanguka. Kila mmoja kwao ndio wa kwanza. Mvulana mmoja Murundi akasema kwao hawakufika, walikuwepo, wakawatazama wengine wote wakifika. Nami nikajikuta nauliza: walitazama wapi, kutoka mlima gani? Nikasahau hata kutafuta kiboko changu. Sijui saa zilikwenda wapi. Ramazani alikuja mlangoni na viatu vyake, akauliza hii shule ama soko la mihogo.

Halafu Asmani: Mwalimu, na babu yako je?

Darasa zima macho kwangu. Sijui. Baba alikufa mimi sijaota meno. Na Bibi, kama wake wa zamani, jina la mumewe hatii kinywani. Humwita Mwenyewe, basi. Mwenyewe alipenda hiki, Mwenyewe asingekubali kile.

Nikafungua mdomo, akatoka sultani. Sultani Maneno wa Kwanza, mwenye ufuo kutoka Minago hadi Nyanza, akikalia ngozi ya chui, ngoma yake ikisikika Uvira. Wameandika mpaka wino ukaisha. Asmani peke yake alikuwa anatafuna kalamu.

Ijumaa, 7 Juni

Baada ya sala nilikwenda kwa Bibi. Alikuwa anageuza ndagala kwa ufagio, kiko mdomoni. Nikamuuliza babu yangu alikuwa nani hasa. Akausimamisha ufagio. Sijawahi kuuona ufagio ule umesimama.

Akasema, wewe mutoto, leo ndiyo umeuliza. Akasema Mwenyewe hakuzaliwa hapa. Hakuja pia. Aliletwa. Nikauliza aliletwa na nani. Akasema hapo ndipo hadithi inapokuwa ndefu, wala si tamu, nikae chini, na mwisho atanitajia jina lake, limtoke mara moja kabla hajafa.

Nilitaka kukaa. Haki ya Mungu, miguu ilikuwa imeanza kukunjika. Lakini watoto walikuwa wananingoja tukariri sultani. Nikamwambia Bibi, Jumatatu, Bwana akishapita. Akanitazama. Akaendelea na ndagala.

Jumamosi, 8 Juni

Wanakariri vizuri. Nimewatia mwendo, wanaimba huku wanatembea. Tumepita ufuo wote, ngozi ya chui, ngoma, Minago hadi Nyanza. Wavuvi tumewaacha mdomo wazi. Tumepita hata mbele ya Bibi. Hakuinua kichwa.

Jumatatu, 10 Juni

Bwana kaja na askari na masanduku. Watoto wa Ramazani wakajibu saba mara nane kama kasuku. Bwana akapiga miayo. Wangu wakaimba sultani. Bwana akaamka.

Akauliza mjukuu wa sultani ni yupi. Nikapiga hatua. Akauliza sultani alikuwa na watu wengi. Nikasema, Bwana, hawahesabiki. Akafurahi kupita kiasi. Akasema mutware, mkubwa wa hapa, kila siku analia hana watu wa kubeba mizigo ya serikali, kumbe watu wako tele, ni wa huyu kijana. Nilete wapagazi arobaini.

Asmani akanyoosha mkono. Akasema, Bwana, huyo sultani tumemuulizia kwetu, nyumba hadi nyumba, hakuna anayemjua. Mwalimu ndiye aliyetutuma tuulize.

Tarbushi kavaa Ramazani. Imemfika masikioni. Watu wangu kwa kuwa hawahesabiki, sanduku la Bwana nimelibeba mwenyewe mpaka Minago.

Jumatano, 12 Juni

Bibi kanikanda bega kwa mawese. Mkono wake uko kama ganda la mti, lakini unajua pa kupita. Nikamwambia, haya Bibi, Jumatatu imepita, nimekaa.

Akasema hapana haja. Ile ya watoto ni nzuri. Mwenyewe angeipenda ngozi ya chui, maana alicholalia njiani akiletwa anakijua yeye. Nikasema basi nipe jina tu. Akasema jina si lipo? Sultani Maneno. Ufuo mzima unalijua. Akawasha kiko, na ufagio ukaanza kutembea.

Haidhuru. Hila nyingine ninayo. Mwalimu Abdulhamid akirudi nitamwambia upande wa mama yangu kulikuwa na jemadari, aliyevuka ziwa kwa miguu mwaka wa ukame. Hapo hakuna wa kubishana, wa upande ule wote wamekufa. Bega litapona. Tarbushi ya Ramazani itaanguka majini siku moja, kichwa chake kidogo.

Kimeharibika kimoja tu. Asmani kapita jioni hii na kibuyu cha mawese, akaniuliza, pole pole, kama mtu anayetaka kujua kweli, babu yangu hasa aliitwa nani. Nami sijui, na aliyekuwa tayari kuniambia nilimwambia asubiri hadi Jumatatu.