Zulia la Rauni na Tiketi ya Juhannus

Jumatatu, 19 Juni
Bila mimi Helsinki isingekuwa na fukwe. Ingekuwa na maji tu. Fukwe zote nazijua, na zote zanijua! Leo Rauni, mjane wa ghorofa ya pili, kasema ana tiketi mbili za kutazama moto wa mkesha wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, kule kisiwani Seurasaari. Ya pili haijapata mtu. Jirani yetu Urpo, dereva mstaafu wa tramu, akajikohoza. Nikamwahi. Nikamwahidi Rauni kesho nampeleka ufuo ambao bata bukini hawajawahi kuukanyaga.

Jumanne, 20 Juni
Bukini mia mbili. Na hawakukanyaga tu; tulitembea kwa kurukaruka, tusichafue viatu. Nikasema hawa wageni, wamepotea njia. Mmoja akampokonya Rauni andazi lake la mdalasini. Nikamfukuza. Akanifukuza. Rauni akauliza kama huyo naye ananijua. Mwanamke ana ulimi!

Jumatano, 21 Juni
Siku ya Rauni kufua zulia, gatini Kaivopuisto, wanakofulia mazulia watu wa mji. Nikaja na langu, safi kabisa, nimelimwagia kahawa makusudi nipate sababu. Nani nimkute? Urpo! Kapiga magoti, brashi mkononi, sabuni ya msonobari, anasugua zulia la Rauni kama wake. Kaniambia, bwana mkubwa, hiyo kahawa yako bado inafuka moshi. Nikampuuza. Nikatangaza kwamba zulia halisuuzwi kama soksi. Sisi tuliowahi kuogelea hadi Tallinn, ng'ambo ya bahari, tunasuuzia baharini. Nikalinyakua la Rauni. Nikaruka.
Lo! Zulia likilowa ni fahali. Likanivuta chini! Mawimbi kama nyumba! Nikamwona marehemu mama, ananigombeza. Nikapiga mayowe. Urpo juu ya gati anapaza sauti eti simama, we Veikko, simama tu! Nisimame baharini, mimi mlingoti?

Ijumaa, 23 Juni
Tiketi kapata Urpo. Si neno. Moto wenyewe hata mimi naona moshi wake dirishani.
Kabla hawajaondoka Rauni kanigongea. Kaniletea zulia langu, kalifua mwenyewe, doa limetoka. Akasema, Veikko, tiketi ile nilikuwa nimekuwekea wewe tangu Jumatatu, ungeomba tu.
Kuomba! Mtu kama mimi? Nikamwambia Jumapili namfundisha kuogelea, kuogelea kwenye kina kirefu. Akacheka hadi akashika ukuta. Lakini kakubali!
Kazi ndogo hiyo kwa bingwa. Ila, daftari, hili libaki baina yetu: maji ya Jumatano yalinifika magotini.