Vijiko Kumi vya Udongo wa Shemeji

Jumamosi, 5 Agosti
Picha ya shemeji Orrin bado iko ukutani katika duka la pembejeo, juu ya mashine ya kahawa. Mwaka wa tatu huu. Yeye, bunduki yake, na kulungu dume mfu mwenye sura ya akili kumzidi. Nimeapa: msimu wa kuwinda wa Novemba hii picha itakuwa yangu, na dume atakuwa Kombo, yule mwenye pembe moja iliyopinda. Kombo hulala msituni kwangu, hunywa kijito changu, kisha huruka waya wa mpaka kwenda kula klova ya Orrin, majani tunayoyapanda kuwavutia kulungu. Utovu wa adabu.

Lavonne wa dukani anasema klova yangu ni ya manjano kwa sababu udongo una uchachu, na dawa yake ni chokaa. Nipime kwanza. Vijiko kumi kutoka sehemu kumi za shamba, nichanganye, nipeleke maabara. Vijiko kumi vya udongo mbaya, vya nini? Ubaya wake naujua.

Jumapili, 6 Agosti
Orrin alipokuwa kanisani nilivuka waya na kijiko cha supu cha mke wangu. Vijiko kumi, sehemu kumi, kama ilivyoagizwa, vyote ndani ya mfuko wa maabara. Mfukoni nimeandika jina langu. Sasa nitaijua siri yake.

Ijumaa, 18 Agosti
Majibu. Udongo ni safi, usitiwe chokaa kabisa, mbolea kidogo. Kumbe siri ni kutotia chokaa! Nimerudisha dukani mifuko arobaini ya chokaa niliyokuwa nimeshanunua. Lavonne akauliza kama nina hakika. Nikamwonyesha karatasi. Nimepanda klova upya, na mbolea nimetia mara mbili ya kipimo. Kidogo ni kipimo cha waoga.

Jumamosi, 16 Septemba
Klova imeota mabakamabaka, njano, imejikunja. Kamera niliyofunga mtini inamwonyesha Kombo akinusa shamba langu, kisha akiligeuzia mkia.

Orrin akaja kuegemea nguzo ya waya. “Shemeji, hii klova umeipanda au umeizika?” Kisha, bila aibu, akasema yeye alitia chokaa miaka mitatu mfululizo, na mwaka huu ameacha kwa kuwa udongo umepona. Miaka mitatu, na hakuniambia! Mke wangu Arlys anadai kaka yake aliniambia kila Krismasi, mezani, nami kila mara nikaomba nipitishiwe viazi.

Nao watu wa maabara siwezi kuwashtaki bila kukitaja kijiko.

Jumamosi, 18 Novemba
Siku ya kwanza ya msimu. Mlio mmoja tu wa bunduki, ng'ambo ya waya. Kisha sauti ya Orrin: “Shemeji, njoo tumburute. Wewe shika ile pembe iliyopinda.” Nikaishika.

Picha imeshabandikwa. Kiwiko kilicho upande wa kushoto ni changu.

Jumapili, 19 Novemba
Baada ya ibada Lavonne akanishauri nipime udongo wangu mwenyewe. Watu hawafikiri. Kosa langu nimeliona: nilichukua udongo wa mgonjwa aliyepona. Unaotakiwa ni ule ambao haujawahi kuugua. Nyasi za makaburini kwetu bado ni kijani, na mavi ya kulungu yametapakaa kila mahali.

Nilikuwa kwenye kijiko cha tisa, nimepiga magoti kwenye kaburi la mama mkwe, mchungaji akanishika bega. Akasema hakujua kwamba mimi na marehemu tulipendana hivyo. Nikainamisha kichwa hadi alipoondoka, nikachota cha kumi, nikaufunga mfuko wa maabara.

Mfukoni nimeandika jina langu.