Haraka ni Sawa na Miwani

Jumatatu, 4 Machi
Siku njema! Mhandisi Mkuu ametangaza kwamba ratiba zote za mitambo ya maji zitaandikwa kwa lugha mpya ya kompyuta. Akauliza nani anaifahamu. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Jina la lugha nilikuwa nimelisikia dakika mbili kabla. Atakayeiweza kufikia Ijumaa atakuwa mkufunzi, na atapewa ile ofisi yenye dirisha. Dirisha! Miaka tisa nimekaa nikitazamana na mtungi wa klorini.

Dada Miwani wa maabara naye kanyanyua mkono. Polepole, kama kawaida yake. Nikacheka moyoni.

Nyumbani nikamwambia mke wangu kazi nimeshapata. Akampigia mama yake papo hapo. Mama mkwe anakuja Ijumaa kushuhudia. Huyu ndiye aliyesema siku ya harusi kwamba mimi huanza mengi, ila ninachomaliza ni chakula tu. Ijumaa ataona.

Jumanne, 5 Machi
Nimepewa kitabu cha utangulizi. Nimesoma kurasa mbili. Rahisi mno! Mashine haiamrishwi fanya hiki, fanya kile. Unaiambia tu nini ni sawa na nini. Kwanza unataja vitu vyako: siku, wafanyakazi, zamu. Kisha unaandika milinganyo. Zamu ya Jumatatu ni sawa na Haraka. (Haraka ni mimi. Kazini wote huniita hivyo, sijui kwa nini.) Ukiuliza swali, mashine inakuta cha kushoto, inaweka cha kulia, tena na tena, mpaka pasibaki cha kubadilisha. Basi.

Ukurasa wa tatu una onyo ndani ya kisanduku, kitu kuhusu milinganyo inayofukuzana. Maonyo ni ya waoga. Halafu meza yangu ina mguu mfupi. Kitabu kimeenea pale barabara.

Jumatano, 6 Machi
Miwani anasoma kitabu chake chote, tena na penseli. Maskini.

Ratiba yangu tayari. Zamu, likizo, kila kitu. Hata mkufunzi ni sawa na Haraka, na ofisi ya dirishani ni ya mkufunzi. Nimeijaribu, inajibu bila kigugumizi. Mhandisi kapita, kasema hajaona kazi nadhifu hivi. Furaha imenishibisha, chakula cha mchana sikukigusa.

Alhamisi, 7 Machi
Kasoro moja. Zamu ya Jumamosi imeniangukia mimi. Kusafisha machujio! Matope hadi masikioni!

Nikawaza. Nikaongeza mstari mmoja chini kabisa: Haraka ni sawa na Miwani. Mashine ikifika Jumamosi itamkuta Haraka, itamweka Miwani. Mimi nitakuwa nimelala. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila zangu zimeota vizuri. Kuijaribu tena? Ya nini?

Ijumaa, 8 Machi
Aibu! Aibu yangu mimi!

Wafanyakazi wote ukumbini, mama mkwe mstari wa mbele, mkoba mapajani. Majibu yanaonekana ukutani, makubwa. Mhandisi kauliza zamu ya Jumamosi ni ya nani. Miwani. Nikatabasamu. Zamu ya Jumatatu? Miwani. Likizo ya Agosti? Miwani. Likizo yangu! Mkufunzi? Miwani. Ofisi ya dirishani? Miwani. Mhandisi akauliza, basi Haraka ni nani? Mashine haikusita. Watu walicheka mpaka fundi bomba akakaa chini.

Miwani akausoma ule mstari, akanigeukia bila hasira. “Kaka, hukuandika kwamba nikushikie zamu. Umeandika kwamba wewe ni mimi. Kwenye lugha hii, kilicho sawa ni sawa kila mahali.”

Kisha akaniombea muda! Mhandisi kakubali, hadi Jumatatu jioni. Nifute mstari mmoja tu, ofisi ni yangu. Mama mkwe alikohoa. Nakijua kikohozi kile.

Jumatatu, 11 Machi
Nimewahi kazini. Kufuta? Mtu mzima afute alichoandika, na mama mkwe aje kusikia? Thubutu! Nimeongeza. Miwani ni sawa na Haraka. Kila alichochukua kitarudi kwangu chenyewe. Nikauliza mkufunzi ni nani.

Hiyo ilikuwa saa mbili asubuhi. Sasa saa nane, bado inafikiria. Feni yake inavuma. Inapima sifa zangu, bila shaka, na ni nyingi. Mhandisi kachungulia mara tatu. Mara ya nne kachungulia kwa Miwani.

Saa kumi Miwani kaanza kuhamia ofisi ya dirishani. Nimemsaidia kubeba kabati, kwa huruma tu, maana kesho atalirudisha. Akaniambia kwa upole nisome ukurasa wa tatu. Nimemwahidi. Lakini kitabu kiko chini ya mguu wa meza. Nikikitoa meza itayumba, na kompyuta ndiyo kwanza imekolea.

Nimempigia mama mkwe. Nimemwambia aje kesho, na avae vizuri.